Hodi Kwenye Kasri la Watu

Hapo zamani, na msinikunjie uso, si zamani za majini. Ni zamani hii ya juzijuzi, ndege zisharuka na watu wanaupiga picha wali kabla hawajaula. Basi hapo zamani, Wete kule Pemba, alikuwepo mama mjane, Bi. Shinuna, na tamaa yake duniani ilikuwa moja tu. Kaeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Tamaa yenyewe ni hii. Alipoolewa, mumewe alimletea bati la biskuti lenye picha ya ukumbi wa kasri moja la Ulaya. Vioo ukuta mzima, taa kubwa zinaning'inia, dhahabu mpaka darini. Biskuti zikaliwa, bati likatiwa sindano na nyuzi. Mume akasema, iko siku nitakupeleka ukauone. Mume akafa, hakumpeleka. Bi. Shinuna akabaki anashona, anautazama ukumbi, anashona.

Wanawe walikuwa wawili. Makame, mkubwa, alikuwa hukohuko Ulaya na mkewe Raya. Kazija, mdogo, alikuwa na mama yake Wete. Kila mwaka Makame alipiga simu akasema, mama, mwakani. Mwakani ikifika, watoto wana skuli. Mwakani ikifika, nyumba inavuja. Ikawa mwakani, mwakani, mpaka macho ya mama yakapata presha, ile inayoyala polepole, na daktari akasema yaliyokwenda hayarudi. Hapo ndipo Makame alipouza gari lake, akawaleta mama na Kazija kwa wiki moja. Wakati huo Bi. Shinuna anaona mwanga na kivuli tu, tena juani.

Asubuhi ya kwenda kwenye kasri, mama alivaa kidani chake cha dhahabu, alichoachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wa kwake. Akawakusanya wote watatu, mwana, binti na mkwe, akasema taratibu:

"Atakayenionyesha ule ukumbi, kidani hiki chake. Nishasema."

Na Bi. Shinuna akishasema, kasema.

Wakapanda treni, wakafika. Watu wanaingia na kutoka kama sokoni, hakuna anayemsalimu mtu. Bi. Shinuna akafika mlangoni, akavua makubadhi yake, akayashika mkononi, akaita hodi. Kimya. Akaita hodi ya pili. Mkata tiketi akamwashiria apite, mama hata hakumwona. Akaita hodi ya tatu. Kimya. Basi akavaa makubadhi yake, akageuka, akaomba apelekwe kwenye benchi.

Makame akamfuata mbio. Akamwambia mama, hii si nyumba ya kupigiwa hodi, wenyewe walishakufa zamani.

"Kama wenyewe wamekufa ndiyo kabisa," mama akasema. "Naingia kufanya nini kwenye nyumba isiyo na wa kunikaribisha? Mimi si mwizi."

Makame akabembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Kazija akambembeleza naye. Mama yuleyule. Na mnawajua mama zetu, akishaita hodi tatu bila jibu, hata kwa dada yake haingii. Upepo wa baridi unapiga, tiketi ni za siku ile tu, na ndege ya kurudi ni keshokutwa. Ukumbi uko hatua chache, na yule mama anatetemeka kwenye benchi, machozi yanamtoka, lakini hainuki.

Raya akachukua tiketi yake, akaingia peke yake, akapita yale makundi ya watu, akasimama nyuma ya ule mlango mama alioitia hodi. Akaita kwa sauti ya juu, walinzi wote wakageuka:

"Karibu! Karibuni ndani!"

Bi. Shinuna akainua uso. Akainuka. Akavua makubadhi tena, akaingia, na kila alipoambiwa hapa pana mlinzi kitini, mama alimwambia "starehe", asijisumbue kunyanyuka. Wala hawakunyanyuka.

Sasa sikilizeni hapa. Kazija akamshika mama mkono, wakapita vyumba na vyumba, wakafika kwenye ukumbi. Ukumbi ulikuwa unatengenezwa. Vioo vimefunikwa maturubai kutoka juu mpaka chini, taa zimefungwa nailoni, madirisha yamezibwa kwa mbao. Njia nyembamba tu ya kupita, na giza. Raya akaangalia chini.

"Tumefika?" mama akauliza.

Kazija akalitazama turubai, akamtazama mama yake.

"Tumefika," akasema.

Akaanza. Akamwambia taa zinavyowaka, moja inaanzia nyingine inapoishia. Akamwambia dhahabu ya darini, majani na matunda na watoto wenye mbawa. Akamwambia sakafu inang'aa mpaka mtu anaogopa kukanyaga. Akamtembeza polepole ukumbi mzima, hatua kwa hatua, hakuacha kitu.

"Na mimi naonekana kwenye vioo?" mama akauliza.

"Unaonekana, Mama. Kila kioo umo, na kidani chako."

Bi. Shinuna akalia pale kwa furaha, na wageni wakampisha.

Kwenye treni ya kurudi akakivua kidani, akakiweka mapajani. Akasema ukumbi ameuona. Nani kamwonyesha?

Makame akasema ni yeye, maana bila yeye mama angekuwa Wete saa hii, na gari limekwenda. Kazija akamjibu bila kupandisha sauti kwamba macho yalipokuwepo safari haikuwepo. Raya akasema wote wawili walishindwa kumtoa mama kwenye benchi, na aliyemwingiza ni yeye. Makame akamuuliza mkewe, lini alirithi kasri la watu hata akakaribisha mtu? Kazija akasema kuingia si kuona, na ukumbi aliuonyesha yeye. Hapo Makame hasira zikampanda.

"Ulimwonyesha nini? Mama, hapakuwa na kitu. Palikuwa na maturubai matupu. Kazija amekudanganya."

Kazija akajifunika uso kwa mtandio.

"Turubai nililigusa," Bi. Shinuna akasema. "Nilimwacha aendelee kwa sababu nilikuwa naona. Na sauti ya Raya naijua tangu alipoingia kwangu bibi harusi, lakini alikuwa ndani, na hodi yangu ilijibiwa. Na wewe Makame, mwanangu, nilikungoja sana. Ukaja."

Akakishika kidani, hakumpa mtu. Kidani ni kimoja, hakikatiki vipande, na ahadi aliitoa mbele ya wote watatu.

Haya, yangu yameishia hapo, na msinitazame mimi, kwa sababu mimi sikuwepo kwenye treni. Mmoja alimleta, amechelewa. Mmoja alimkaribisha kwenye nyumba isiyo yake. Mmoja alimwonyesha kisichoonekana. Je, nani alimwonyesha Bi. Shinuna ukumbi?