Injini Mbili na Ufunguo Mmoja

Hapo zamani, gari lake la michezo la milango miwili likipita Moshi kila shingo inageuka, Mzee Ndetaramo alimwahidi dada yake Elinisafi: "Nitakuja mlimani nikushushe kwa gari hili." Akasema mwaka ule. Akasema mwaka uliofuata. Akasema miaka thelathini, mpaka injini ikafa na dada akaugua.

Sasa sikilizeni, na msinikatize. Daktari alisema dada amebakiwa na wiki chache. Dada naye akasema gari jingine hapandi. Mzee akawaita wanawe wawili, wote mafundi, akaweka ufunguo mezani.

"Atakayenitimizia ahadi kwa shangazi yenu, gari ni lake."

Aikaruwa, binti yake, akafufua injini ndogo iliyokuja na gari. Aminieli, kaka mtu, akaleta injini kubwa. Zote silinda nane, ila ile kubwa iliinuliwa na wanaume wanne huku wakitukana.

Wakafunga ndogo, wakajaribu. Gari likakata kona zote kwa raha, likafika mwinuko wa mwisho, likaishiwa pumzi. Wakafunga kubwa, wakajaribu. Gari likapanda mwinuko likinguruma, lakini kushuka, pua nzito! Kona ya tatu likagoma kugeuka, likaingia kwenye kahawa ya watu.

"Si nilisema?" akasema Aikaruwa.

"Ulisema nini, na yako haikupanda?"

Siku zinakwenda. Mzee hali, halali, analizunguka gari tu. Asubuhi moja akasema basi, kupanda ni kwa kubwa, kushuka ni kwa ndogo. Akapanda mlima kwa injini kubwa, Aminieli kando yake. Aikaruwa akafuata na pikapu, nyuma kapakia winchi ya kuinulia injini, na ile injini ndogo.

Walimkuta dada mlangoni, kavaa gauni la kanisani, anahema.

Gereji yao ilikuwa na mwiko: nati hufunguliwa na mkono ulioifunga. Injini kubwa ilifungwa na Aminieli, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuitoa. Aminieli akaitazama injini yake. Akamtazama shangazi yake.

"Kaka, kama hutaki, sema."

"Nyamaza. Nipe spana."

Akaitoa. Aikaruwa akafunga yake. Alasiri ile dada alishuka mlima kona kwa kona, mkono nje ya dirisha, anacheka mpaka machozi. Siku ya tisa akafariki.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza.

"Bila injini yangu Baba asingefika juu," akasema Aminieli. "Na niliitoa kwa mkono wangu, nikijua naliacha na gari."

"Ahadi ilikuwa ya nani? Ya Shangazi," akasema Aikaruwa. "Injini yako haikumbeba hata hatua moja."

"Kwa sababu niliipisha yako!"

"Ungeiacha ungemuua!"

Mzee kajiinamia. Ahadi moja imemchukua miaka thelathini, na hii ya pili inamchoma zaidi, maana nafasi chini ya boneti ni moja, na atakayepewa gari ataing'oa injini ya mwenzake. Ufunguo uko pale pale mezani. Wanakula wakiuzunguka, hawasemeshani.

Mimi nimeamua mara tatu na kutengua mara tatu, nimechoka. Wala msiniambie gari liuzwe wagawane, hilo ni jibu la mvivu. Haya, semeni ninyi: aliyemfikisha Baba mlangoni kisha akajitoa, na aliyemchukua Shangazi mlangoni akamshusha salama, je, ufunguo ule alistahili nani?