Moto Usiogusa Ukuta

Bisheni mkitaka, nyie mliosoma kunizidi: kuna wataalamu wanaowasha moto mkali kama wa jua ndani ya chombo cha chuma. Wanaushika katikati kwa sumaku, usiuguse ukuta. Na ukuta unaharibika vilevile. Mmekunja nyuso? Haya, tulieni.

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la mikate. Jina lake Shekuwe, na mtaani hapakuwa na mwokaji wa kumfikia kwa kuutawala moto. Akivuta mvukuto, ndimi za moto zilisimama katikati, zimetulia kama bibi harusi. Kuta za ndani zilikandikwa udongo na dada yake, Somoe.

Asubuhi, moto ukilala ukabaki makaa, Somoe alipenyeza mkono akaupapasa ukuta. Ulikuwa na vishimo vidogo kama vya ndui. Kila cheche ilipoupiga, punje ya udongo ilihama mahali pake. Ndani ya ukuta vilifanyika vipovu, ukavimba kama unga uliotiwa hamira. Watu walianza kutafuna mchanga kwenye mikate.

Akamwomba kaka yake wazime moto, ukuta ujengwe upya. Shekuwe akacheka. Eti moto wake haujaulamba ukuta hata siku moja. Dada mtu anatafuta mapumziko tu.

"Kaka," Somoe akasema, "moto unautambua mkono wako. Cheche hazina habari nawe."

Shekuwe akachukua chokaa, akalipaka tanuri kwa nje. Likapendeza kweli. Somoe akaendelea kukandika, maana wote wawili walikula kwa tanuri lile.

Mkesha wa Idi ukafika. Kama ilivyo desturi, nyumba zote za mtaa zikaleta masinia ya biskuti yaokwe: ya matajiri, ya wajane, hata ya yule aliyekopa sukari. Somoe akasihi waoke kidogo kidogo. Shekuwe akayasukuma yote ndani, akavuta mvukuto kwa nguvu zake zote, na ndimi zikasimama katikati, hazikupinda. Ukuta ukaporomoka.

Asubuhi ya Idi, watoto wamevaa nguo mpya, Somoe ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akirudisha masinia matupu.

Nawe unayejisifia moto wako, nani anakukandikia ukuta, na ulimsikiliza lini?

Kuna kipande nimewaficha. Moto ule haukuzimwa na maji wala na mtu. Ukuta uliuangukia, moto ukafa chini ya udongo, na Shekuwe bado anavuta mvukuto.