Rangi ya Lori la Wajerumani

Liko fumbo ambalo nimelizunguka miaka mingi bila kuuona mlango wake. Leo nalitua mbele yenu.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu wa Kwembogho, huko milima ya Usambara, walijenga nyumba ya kumbukumbu. Walitaka ndani yake liwemo lori la jeshi la Wajerumani, lile lililopandishwa mlima kwa kamba na mabega ya wapagazi wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, likaishia bondeni. Lori lenyewe lilikwisha kuliwa na kutu. Basi fundi Shebughe, mchora vibao, akaunda dogo la bati, refu kama mkono hadi kiwiko. Magurudumu yapo, taa zipo, hata misumari ya bodi ipo. Lilikosa rangi tu.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Mbilu, akatangaza: "Tunataka rangi yenyewe, si ya kubahatisha. Atakayetupa rangi ya kweli, jina la babu yake litaandikwa chini ya lori. Jina moja. Kibao ni kidogo."

Zaituni Shemahonge aliposikia hivyo alijifunga kitenge akashuka mlima. Babu yake alikufa akilivuta lori lile, na jina lake halikuandikwa popote, hata kaburini, maana kaburi halikuwepo.

Alimkuta Kihiyo, mfuga kuku wa pale kijijini, ametangulia, amebeba kipande cha bati.

"Una nini?" aliuliza Mbilu.

"Nina mlango wa lori. Ulikuwa mlango wa banda langu la kuku. Nimeukwangua siku tatu. Juu kutu, chini ya kutu udongo, chini ya udongo kijivu. Kijivu ndiyo rangi ya Wajerumani."

Watu wakapiga makofi. Zaituni hakupiga.

"Huo udongo uliutupa wapi?"

"Shambani, shangazi. Uchafu huo."

Damu ikampanda Zaituni kichwani.

"Na wewe una nini?" aliuliza Mbilu.

"Nina maneno ya bibi yangu. Lori lilikuja la kijivu, kweli. Lakini adui alipokaribia, wapagazi walilazimishwa kulipaka lifanane na mlima. Udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe, na maji ya mgomba ili ushike. Walipaka kwa viganja, na aliyelegea alichapwa kiboko. Lililopita hapa lilikuwa jekundu, limejaa vidole vya babu zetu. Huyu kavikwangua kwa kisu, nanyi mnampigia makofi!"

Kihiyo akacheka. "Maneno hayashikiki, shangazi. Bati langu mtu anaweza kuligonga."

"Ligonge kwa kichwa chako, uone kipi kitatoa mlio mtupu!"

Watu wakaangua kicheko. Mbilu akamgeukia fundi. "Na wewe una nini?"

"Nina macho," alisema Shebughe. "Kitu kidogo hukoza rangi. Lipake lori dogo rangi ile ile ya lori kubwa, litaonekana limeungua. Lazima rangi ififishwe kidogo, jicho liridhike. Bila hivyo, hata rangi ya kweli itasema uongo."

Kisha akaliomba lile bati. Akachokoa bawaba, mahali ambapo kisu cha Kihiyo hakikufika. Ukadondoka udongo, mwekundu, umeshikana kama gamba. Juu yake palikuwa na mistari ya kidole.

Watu wakasogea kuutazama. Kihiyo akasema, "Haya. Na huo umetoka kwenye bati la nani?"

"Neno limekwisha," alisema Mbilu. "Lipakwe udongo. Na apake Mama Zaituni, yeye ndiye ajuaye mchanganyiko."

Zaituni akamtazama mpaka mwenyekiti akainamisha macho.

"Babu yangu aliamriwa kulipaka. Leo kamati inamwamuru mjukuu wake alipake tena? Na kiboko mmeleta, au nikachume mwenyewe?"

"Mama, ni heshima hii. Na jina la babu yako je?"

Hakuna alichokitaka Zaituni duniani zaidi ya jina lile. "Rangi nimewapa," alisema. "Mikono sitoi."

"Basi nitapaka mimi," alisema Shebughe.

"Wewe!" Kihiyo akaruka. "Babu yako si ndiye askari aliyeshika kiboko?"

"Ndiye. Kwa hiyo nani mwingine apake?"

Kamati ikaamua hivyo: kijivu kwanza, udongo juu yake, na kazi ni ya Shebughe. Akapaka kijivu, kikakauka. Akakanda udongo, akautia majivu kidogo ufifie. Akapaka kwa ncha ya kidole, na alama za viganja akazichora kwa kijiti cha kiberiti, kiganja baada ya kiganja. Zaituni alisimama mlangoni, mikono kifuani, hasira haijampoa.

"Maji ya mgomba hayatoshi!" alifoka. "Udongo utapasuka!" Akaondoka.

Shebughe akaongeza. Haukupasuka. Wazee walioingia kulitazama walivua kofia.

Sasa kibao kinangoja. Kihiyo anasema: bila bati langu mngebishana hadi leo, hata kama nililiharibu. Zaituni anasema: bila maneno yangu mngeweka lori lisilo na watu, na kukataa kwangu hakuyafuti. Shebughe hasemi kitu, ila watu wanasema kwa niaba yake: rangi ni ile inayoonekana, na yeye ndiye aliyeitia machoni, kwa kidole chake mwenyewe.

Kamati iliamua, na Shebughe alipaka. Lakini jina ni moja. Je, ninyi mnaonisikiliza, aandikwe babu wa nani?