Tarumbeta la Mzee Kondo

Hadithi hii ilinifikia kwenye simu ikiwa imekatwa katikati. Nikaifuatilia kwa aliyeituma mpaka nikaipata nzima, maana sipendi kuachwa njiani. Sasa naileta kwenu. Mwenye mstaafu nyumbani amsomee. Mstaafu akinuna, ujue imemgusa.

Palikuwa na mzee mmoja, Mzaramo, jina lake Kondo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari tangu ndevu hazijaota. Kazi yake ilikuwa mizani. Lori la miwa linapanda, yeye anasoma uzito, anautangaza kwa sauti, lori linashuka, linapanda jingine. Siku ya kustaafu walimpa mabati, baiskeli na hotuba. Mabati yakaezeka jiko, baiskeli akaichukua mkwe, hotuba hakuna aliyeikumbuka.

Kesho yake alfajiri king'ora cha kiwanda kikalia. Mzee akaamka, akavaa, akafunga kamba za viatu, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?" akauliza mkewe, Mama Zena, kutoka kitandani.

"Sijui," akasema mzee.

Akavua viatu.

Basi hilo "sijui" ndilo likawa kazi yake mpya. Alinunua kuku, akawa anawatazama na wao wanamtazama, hakuna aliyejua mwenzake anataka nini. Akaenda kwenye bao, akakuta waliostaafu kabla yake wamekuwa mabingwa, wakamfunga huku wanaongea mambo mengine. Akaingia jikoni, akapanga sufuria upya, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, na mwiko akauweka mahali panapofaa. Mama Zena aliutafuta mwiko mpaka maji ya ugali yakakauka.

Akiona boga, lazima alinyanyue. Analipima kwa mkono, anatangaza: "Kilo nne na robo!" Hakuna aliyemuuliza.

Siku moja mkewe akachoka. "Baba Zena, kabla sijakujua, ulikuwa unapenda nini wewe?"

Mzee akafikiri. Kisha uso ukamng'aa kama wa mtu aliyeona basi lake linakuja.

"Tarumbeta!"

Mama Zena akasema, "Basi. Panga tu sufuria."

Lakini mzee alikuwa ameshapanda juu ya kiti, anapapasa juu ya kabati.

Zamani kiwanda kilikuwa na bendi ya wafanyakazi, ngoma na matarumbeta. Ilipiga Mei Mosi na Sabasaba, na alipokuja mgeni wa serikali ilipiga njia nzima. Kondo alikuwamo. Vyombo vilikaa stoo ya kiwanda, vikitolewa siku za kupiga tu, wala hakuna aliyeruhusiwa kwenda na chombo nyumbani. Bendi ilipovunjwa, kila mtu akaambiwa abaki na cha kwake. Kondo akalifunga tarumbeta kwenye gunia, akaliweka juu ya kabati, akarudi kwenye mizani.

Lakini kulizungumza hakuacha. Wanawe walikua wakisikia habari ya Mei Mosi moja ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, "ndiyo siku tarumbeta liliponikubali." Alikuwa akisema, "Kabla ya hapo lilikuwa linanikwaruza, linapiga kelele, linanitia aibu. Siku ile likalainika. Nikapuliza, na muziki ukaenda kama maji." Kila mtu nyumbani aliijua hadithi hiyo, na kila mtu aliposikia inaanza alikumbuka ana kazi nje.

Sasa ikatokea kwamba mjukuu wa rafiki yake, Mzee Maganga, anaolewa. Maganga alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ile ile. Yeye Mnyamwezi, Kondo Mzaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wazee wao. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani ukiwa unalia, na wewe unalazimika kucheka.

Kwenye kikao cha harusi, Kondo akasimama bila kuitwa.

"Mmekodi matarumbeta, sawa. Lakini kwenye gari la mbele nitapiga mimi mwenyewe. Ndiyo zawadi yangu kwa bibi harusi."

Watu wakapiga makofi. Maganga akainuka. "Wewe Mzaramo, tarumbeta hujui. Hujapata kulijua hata siku moja."

Kikao kizima kikaangua kicheko, na Kondo ndiye aliyecheka kuliko wote. "Msikieni huyu Mnyamwezi mbeba mizigo!" akasema. "Ana wivu mpaka leo."

Akarudi nyumbani anatembea kama kijana. Akakung'uta gunia, akafuta vumbi, akasimama uani, akajaza mashavu, akapuliza.

Fuuuu.

Akapuliza tena. Fuuu, kama tairi la baiskeli linalotoa upepo. Kuku hata hawakugeuka.

Hapo ndipo mzee alipoanza kuchanganyikiwa kwelikweli. Mpaka wakati huo alikuwa hajui afanye nini. Sasa alijua afanye nini, na hakikufanyika. Harusi inakuja, amejitangaza mbele ya watu, na kitu pekee alichokuwa nacho kisicho cha mizani kimekataa kutoa sauti.

Akaenda hospitali. Daktari akamwambia vuta pumzi, toa, kohoa.

"Mzee, mapafu haya hayana shida."

"Basi sauti imekwenda wapi?"

"Sauti ipi?"

"Ya tarumbeta."

Daktari akamwita anayefuata.

Akasema basi ni jino. Kweli alikuwa na pengo la mbele. Akaliziba kwa nta ya mshumaa, akapuliza, nta ikaruka mpaka uani, kuku wakaigombania. Ndiyo siku pekee kuku wale walipomwelewa.

Akasema basi ni kijicho.

"Nani akuonee kijicho wewe?" akauliza Mama Zena. "Kwa lipi?"

Mzee akaacha kula vizuri. Akaanza kumwambia mkewe kwamba labda mtu akistaafu kila kitu kinastaafu naye, pumzi, midomo, na alichokipenda. Mama Zena akamwambia aache uchuro, alipeleke kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni Lazaro, kiongozi wa matarumbeta ya harusi yaliyokodiwa, ana kibanda nyuma ya soko. Kondo akaenda, na Maganga akamfuata, maana mtani hakosi kwenye shida ya mtani.

Lazaro akalitikisa tarumbeta, akalipuliza, akalichungulia. Akanyoosha waya wa kutundikia nguo, akauingiza kwenye mdomo mpana, akazungusha, akavuta. Kikatoka kitambaa. Kirefu, kigumu, cheusi kwa uchafu, kinatoka taratibu kama utumbo wa kuku.

"Panya," akasema Kondo.

"Panya hakunji kitambaa," akasema Lazaro. "Hiki kimekunjwa na mtu, kikasukumwa kwa fimbo. Haya, puliza sasa."

Mzee akapuliza.

Sitaki kuwaeleza ile sauti. Niseme tu kwamba punda aliyefungwa jirani alikata kamba, na mama muuza vitumbua akauliza nani kafa.

Kondo akalishusha tarumbeta. "Limeharibika," akasema.

"Halijaharibika," akasema Lazaro, akalichukua, akapiga wimbo wa harusi mpaka watu wakageuka. Akamrudishia.

Kondo akapuliza tena. Yale yale.

Maganga alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, hacheki. Na Mnyamwezi asiyecheka mbele ya Mzaramo ni jambo la kutisha.

"Ni mimi," akasema. "Nilikisukuma kwa kirungu cha ngoma."

"Lini?"

"Mei Mosi ile."

Kondo akashika meza. "Siku tarumbeta liliponikubali?"

"Siku tulipoliziba."

Lazaro akajifanya anatafuta kitu chini.

"Kondo, mgeni alikuwa anakuja," akasema Maganga. "Ulikuwa unapiga kama mtu anayekanyagwa. Tukaziba. Ukasimama karibu na ngoma yangu, ukasikia wenzako wanapiga, ukadhani ni wewe. Ulifurahi hivyo, nani angekitoa?"

"Miaka yote ile! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia!" Maganga akasimama. "Nilikuambia kwenye lori la Sabasaba. Nilikuambia kwenye msiba wa mama yako. Nimekuambia juzi kwenye kikao, mbele ya watu. Kila nikikuambia unacheka!"

"Nilidhani utani!"

"Sasa mimi ningesema kwa mdomo upi? Nilio nao ni huu."

Kondo akamtazama. "Na haya unayosema sasa, ni utani?"

Maganga akarudi kukaa kwenye ndoo. "Hata sijui nikujibu vipi ukaniamini," akasema.

Mzee akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani akakaa kwenye kiti. Mama Zena akamletea boga kubwa, akaliweka mbele yake makusudi. Mzee hakulinyanyua. Hapo mkewe akaogopa.

"Una nini?"

Akamtupia kitambaa. Mama Zena akakiloweka kwenye beseni, akakisugua kidogo. Yakatokeza maua ya njano.

"Nilidhani kimeshaoza," akasema.

Mzee akainua kichwa. "Unakijua?"

"Pindo la gauni langu, nitaachaje kulijua? Nilikuwa nimesimama na wenzangu, natazama bendi. Akaja Mnyamwezi mmoja anahema. Akaniambia, dada, nipe kitambaa nimzibe yule. Nikachana pindo. Halafu nikasema hebu nimwone huyo anayezibwa. Ndipo nikakuona."

"Kwa hiyo hata wewe ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukakubali kuolewa na mimi?"

"Ulikuwa unapuliza mpaka macho yanataka kutoka, hakitoki kitu, na umefurahi," akasema Mama Zena. "Nikasema, mwanamume huyu hata nyumba ikikosa chumvi hatanipigia kelele. Na hujanipigia."

Mzee akakaa na maneno hayo, hajui ashukuru au anune.

"Kama sikuwa najua kupiga," akasema mwisho, "basi nilikuwa narudi kwenye nini?"

"Mimi nitajuaje? Nenda ukajifunze, au kaa. Ila sufuria zangu usiguse."

Asubuhi king'ora kikalia. Mzee akaamka, akavaa, akafunga viatu, akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Lazaro."

Lazaro alipomwona alidhani amekuja kugomba. Mzee akamwambia, "Nifundishe."

"Tuanzie wapi, mzee wangu? Maana wewe ulishapiga."

"Sijapiga. Anzia mwanzo. Nionyeshe hata kushika."

Akawa anakwenda kila siku. Akarekebishwa midomo, akaambiwa mashavu yasijae. Watu wakapita wakiziba masikio. Maganga naye akawa anakuja kukaa kwenye ndoo na kutukana. "Leo punda hakukata kamba," anasema. "Unapanda cheo." Kondo anacheka, lakini sasa anauliza: "Hiyo ni kweli au utani?" Na Maganga anajibu: "Vyote viwili."

Siku ya harusi ikafika. Kondo alikuwa ameshajua kutoa sauti chache, nyingine kwa kukusudia. Lazaro akampandisha kwenye pikapu ya mbele kama mzee alivyoahidi kikaoni, kanzu nyeupe, tarumbeta linang'aa. Bibi harusi akapunga mkono. Mama Zena alikuwa chini pamoja na kina mama, amekaza macho. Maganga alikuwa kwenye gari hilo hilo na ngoma yake, jasho linamtoka kabla hata hajapiga.

Kondo akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kitambaa, kimefuliwa, maua ya njano yanaonekana. Akakikunja vizuri, akakisukuma mwenyewe kwenye mdomo wa tarumbeta, kwa kirungu cha ngoma ya Maganga.

"We! Unafanya nini?" akauliza Maganga. "Si umeshajifunza?"

"Harusi ni ya mjukuu wako, siwezi kuiharibu," akasema Kondo. "Kesho asubuhi nakitoa, nakuja kufanyia mazoezi dirishani kwako."

Maganga akaangua kicheko. Kisha akakatiza, akamtazama vizuri. "Huo ni utani, siyo?"

Kondo akajaza mashavu, akapuliza. Pikapu ikaondoka, matarumbeta yakalia mji mzima, na hakuna aliyemsikia. Mama Zena alicheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake, king'ora cha kiwanda hakijalia, Mzee Maganga alipata jibu lake.

Funzo: Ukistaafu ukarudi kwenye ulichokipenda, usiende kudai uhodari wa zamani, huenda hukuwa nao, kaanze kama mwanafunzi, utapata kipya ndani ya kile kile cha zamani. Na rafiki anayekuambia jambo moja kila siku huku anacheka, cheka naye, halafu kachungulie ndani ya tarumbeta lako.