Hodi Tatu za Ukunguni

Ukungu ulifunga milima ya Usambara siku tatu, na Jumbe Kighenda akashikwa na hamu ya nyama ya mbawala. Akamwita Singano mwindaji.

"Leo nile nyama, la sivyo hama kijiji changu!"

"Jumbe wangu, mtu haoni hata kidole chake. Nikimpiga binadamu je?"

"Wazee wenu walifanyaje?"

"Walipiga hodi mara tatu. Anayeitikia ni mtu. Asiyeitikia ni windo: paja ni la jumbe, nyama iliyobaki ni ya mwindaji."

"Basi asiyeitikia, piga!" Jumbe akanguruma, baraza zima likisikia.

Adhuhuri Singano alileta paja nono lililokwisha kuchomwa. Jumbe alikula mpaka akalamba vidole, akamsifu kwa shabaha.

Alasiri ukungu ulipoinuka, mchungaji akaja mbio: beberu mkubwa wa Jumbe hayumo zizini.

Jumbe akautazama mfupa wa paja aliokuwa bado akiuguguna. "Singano! Umenilisha beberu wangu mwenyewe?"

"Nilisimama mlangoni pa zizi, Jumbe wangu, nikapiga hodi mara tatu, tena kwa adabu. Hakuna aliyenikaribisha."