Jina Moja kwenye Jalada la Lumbo

Sogeeni karibu. Nina kesi ya watu watatu na imenishinda kuikata.

Watu hao nawajua vizuri, maana kwa miaka mitatu walikutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha duka langu la ushonaji hapa Voi. Walikuwa wakicheza mchezo wa mezani, ule ambao mmoja anasimulia nchi ya kubuni, mwingine anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo na kusema anafanya nini, kisha dadu linarushwa kuamua kama amefaulu. Nchi yao waliiita Lumbo.

Kipaji cha Mwadime ni kubuni. Akifungua mdomo, mji unasimama: utasikia harufu ya chumvi sokoni na utawaogopa askari wa malkia. Lakini anachobuni leo, Jumamosi ijayo amekisahau. Mwaka wa kwanza alijaribu kuandika huku anasimulia. Akiinamia karatasi, hadithi inapoa. Akiinua kichwa, karatasi inabaki nyeupe.

Kipaji cha Wakesho ni kunasa. Alikuja kuketi kando ya Mwadime na daftari, wala hakuandika kila neno. Aliandika majina, nani kaahidi nini na nani kamkosea nani, na waliokufa akawapigia mstari mwekundu. Kabla ya kila mchezo alimsomea Mwadime ukurasa mmoja, na Mwadime akaendelea kana kwamba hakuwahi kunyamaza. Madaftari yalifika saba.

Kipaji cha Righa ni kuuliza. Yeye ndiye aliyecheza. Siku moja mtu wake alipofika kwenye lango la mji, badala ya kupita alimuuliza mlinzi, "Unaitwa nani, na mbona macho yako mekundu?" Mwadime hakuwa amefikiria lolote kuhusu mlinzi huyo. Ikabidi abuni papo hapo: anaitwa Kizari, na binti yake amechukuliwa na malkia. Vita vyote vya Lumbo vilianzia kwenye swali hilo.

Basi Wakesho akampelekea mchapishaji mmoja wa Nairobi nakala ya madaftari. Barua ikarudi. Mchapishaji alisifu nchi ilivyobuniwa, akasifu maandishi yalivyopangika, akasema kilichomliza ni habari ya Kizari. Angechapa kitabu ili watu wengine nao waicheze Lumbo. Ila fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mtunzi. Niliandika kuuliza kama majina matatu yangewezekana. Nikajibiwa: jina moja, au tuache.

Hapo ndipo chumba changu kilipoharibika.

"Lumbo imetoka kichwani mwangu," Mwadime alisema. "Wakesho alikuwa karani tu."

Wakesho alifunika daftari taratibu. "Sawa. Jumamosi simulia bila karani."

Jumamosi ikafika, naye akaja mikono mitupu. Mwadime alianza vizuri. Kisha akamwingiza Malkia Mbeja akiwa amepanda farasi.

"Huyo tulimzika mwaka jana," Righa akasema.

"Ni dada yake."

"Dada yake ndiye aliyemuua. Tulimfunga gerezani. Gereza gani?"

Mwadime hakujua. Akamgeukia Wakesho. "Ulijua nitakosea, ukaninyamazia."

"Karani kazi yake kuandika," Wakesho akajibu, "si kusema."

Jumamosi ya pili Wakesho alikalia kiti cha msimulizi na madaftari yote saba mbele yake. Hakukosea hata jina. Lakini Righa, ambaye naye alitaka jina liwe lake, aliiacha njia ya madaftari kwa makusudi.

"Nashuka kisimani," alisema. "Chini kuna nini?"

Wakesho akafunua kurasa, akachukua daftari jingine, akafunua tena. "Hakuna kilichoandikwa."

"Sijauliza kilichoandikwa. Nimeuliza kuna nini."

Akarudia kufunua kurasa zile zile mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Mwadime alikuwa ameegemea ukuta, anatabasamu vibaya. "Mimi najua kuna nini," akasema, "na sisemi."

Jumamosi ya tatu maadui wawili walipatana kwa muda, ili wamshinde wa tatu. Wakesho alisoma, Mwadime alisimulia, na Lumbo ikarudi kama zamani. Wakamfikisha Righa mbele ya jumba la malkia, milango wazi.

"Unafanya nini?" Mwadime akauliza.

"Nimekaa chini."

"Askari wanakuja."

"Wakija watanikuta nimekaa."

Saa nzima aliwajibu hivyo hivyo. Mwisho walimwambia mchezaji si kitu, mtu yeyote anaweza kucheza, wakaniita mimi nikae kwenye kiti chake. Nilikaa. Waliponiambia kuna mlango, niliingia. Waliponiambia kuna adui, nilirusha dadu. Nilimaliza jumba zima bila kuuliza lolote, na nilipotazama daftari la Wakesho, hakuwa ameandika hata mstari.

Righa akacheka. Nadhani ni kile kicheko kilichomtibua Wakesho, maana aliinuka, akashika mkasi wangu wa kukatia vitambaa, akalipasua jalada la daftari la kwanza. "Basi Lumbo ikose mwenyewe," akasema. Mwadime alimkamata mkono na kumtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu watoto wapo. Righa aliipindua meza. Mimi niliyakumbatia madaftari, nikawafukuza wote watatu.

Sasa wakikutana sokoni hawasalimiani. Kila mmoja amekuja dukani peke yake. Mwadime aliniambia, "Mama Mkawasi, pasingekuwa na mimi wangeandika nini?" Wakesho akaniambia, "Pasingekuwa na mimi, leo kungekuwa na nini cha kugombania?" Righa akaniambia, "Wao walikuwa na mlinzi wa lango. Mimi ndiye niliyemfanya mtu."

Jambo moja tu wamekubaliana: jina nitakaloandika mimi, wote watatu watalipokea. Na kila mmoja ameapa kwamba lisipokuwa lake, hatakanyaga tena chumba kile wala kuitamka Lumbo maisha yake yote. Nawaamini. Niliziona nyuso zao.

Mchapishaji anataka fomu Ijumaa. Nimeijaza yote, umebaki mstari wa jina. Mmoja alibuni, mmoja akahifadhi, mmoja akauliza, na kila mmoja amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuiua kazi ya wenzake.

Je, wewe ungeandika jina la nani?