Nta ya Doto

Jasho lisilotoka humpika mwenyewe. Mlinisikia asubuhi nikimwambia hivyo binamu yenu Shija, yule pale anayefungua na kufunga gurudumu la baiskeli, na tangu hapo mnaniuliza maneno haya yametoka wapi. Haya, vuteni ungo mmenye karanga huku mnasikiliza, maana uvivu wa mikono yenu naujua. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa kwetu Nyamigota walikuwepo mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa alitangulia kuzaliwa, Doto akafuata, na hivyo ndivyo walivyoishi: Kulwa akianza jambo, Doto humalizia. Walikuwa manju, yaani viongozi wa ngoma, wa upande wa juu wa kijiji. Upande wa chini manju wao alikuwa Ngolo. Kila baada ya mavuno ngoma hizo mbili zilishindana katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mshindi hakuwa mwenye sauti nzuri bali aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji walikuwa wakikimbia huku na huku kama mbuzi walioonyeshwa chumvi. Ila mapacha wale wakishaanza kucheza, mguu kwa mguu, bega kwa bega, watu hawakuondoka tena.

Mwaka mmoja, mtama ukiwa bado shambani, Kulwa aliugua homa akafa. Doto alichimba kaburi, akapokea wageni, akamshukuru kila mtu, wala hakutoa chozi. Wazee wakamsifu kuwa huyo ndiye mwanamume. Mimi sifa za namna hiyo sizipendi hata kidogo, lakini alisifiwa. Na yeye alikuwa na sababu yake. Upande wa chini walikuwa wameanza kusema kwamba mfiwa hawezi kuvuta watu, kwamba mwaka huu uwanja wote utakuwa wa Ngolo, na jina la Kulwa litazikwa mara ya pili. Mkewe Minza alipomsihi alie kidogo, angalau nyumbani, alijibu kuwa atalia baada ya mashindano.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Doto aliogopa kwamba akicheza atatoka jasho, na tone la jasho kwenye uso wa mfiwa huonekana chozi. Basi siku ya ngoma ilipofika, alichukua nta ya nyuki, akaiyeyusha kwa samli kidogo, akajipaka kuanzia paji la uso hadi nyayo. Ikikauka anaongeza, kisha anaing'arisha kwa kitambaa, mpaka mwili ukawa unameta kama kibuyu kipya. Akamwambia Minza kwamba leo watu wataona mng'ao wa watu wawili, na hawataona tone hata moja.

Minza hakupendezwa. Alimwambia kuwa ngozi inayopakwa hivyo ni ile ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Doto akacheka, akafunga njuga zake, akatoka.

Alipoingia uwanjani, jua lilimpiga akawaka. Watu walikimbilia kwake wote, hata shemeji zake Ngolo. Alicheza hatua zake, kisha akacheza hatua za Kulwa, akawa anajijibu mwenyewe, na uso wake mkavu kabisa. Jua likapanda. Joto likamjaa kifuani, likapanda kichwani, halafu kwa ajabu likawa halipo tena. Vigelegele akavisikia kwa mbali, kana kwamba yumo ndani ya mtungi. Akaanguka.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe baadaye, na mimi nayasema kama nilivyoyapokea. Alisema hakuiona ardhi. Aliiona nyumba, ukuta wake una rangi ya mwili wake, na Kulwa amesimama mlangoni. Kulwa akamwambia aingie, kwa kuwa hii ni ngozi yake na hajawahi kuitembelea.

Paa la nyumba hiyo lilikuwa la magamba membamba makavu, yamelaliana kama majani makuukuu. Yalidondoka taratibu bila sauti, na mengine yakapanda kutoka chini kushika nafasi zao. Chini ya paa palikuwa na uhai na unyevu. Nyuzi zilitanda kila mahali, huu wa baridi, huu wa maumivu, huu wa mguso. Doto aligusa mmoja, akausikia mkono wa mama yake ukimwogesha, naye ni mchanga, na pembeni yake mtoto mwingine anacheka. Vijito vyekundu vya damu vilikuwa vimejitanua, vinaleta joto kutoka ndani ili litoke nje. Sakafu ilikuwa ya mafuta, laini kama godoro. Na kila alipotazama palikuwa na chemchemi ndogo zilizojikunja, kila moja na kijia chake chembamba kinachopanda hadi juu ya paa. Maji yalipanda, yakafika juu, yakakuta pamezibwa, yakarudi yanachemka.

"Ni maji gani haya?" Doto akauliza.

"Ni yako," Kulwa akasema. "Na ya kwangu umeyafungia humo humo."

Huku nje Minza alikuwa amepiga magoti. Alimgusa akakuta anaunguza kama chungu kilichotoka jikoni. Ngolo alipoona hivyo alinyamazisha ngoma yake, akaja mbio. Minza akaagiza samli ya moto kidogo, magunzi na maji. Akampaka samli nta ikalainika, akaisugua kwa gunzi, pole pole asiichubue ngozi, akaanza na paji la uso, akashuka. Watu wakamwagia maji. Ngolo, mpinzani wake wa miaka yote, alishika ungo akampepea.

Walingoja. Kisha kwenye paji la uso likatokea tone moja, na jingine, mwili mzima ukalowa. Doto akafumbua macho, akajipapasa mashavu.

"Minza, hili ni jasho au ni chozi?"

"Usiulize. Acha vitoke vyote. Jasho lisilotoka humpika mwenyewe, mume wangu, na wewe ulikwishaanza kuiva."

Hapo Doto akamlilia ndugu yake. Alilia kwa sauti, mbele ya uwanja mzima, na hakuna aliyemkimbia. Waliketi chini wote, wa juu na wa chini, na Ngolo akalia pamoja naye, maana hata yeye hakuwa na mpinzani kama Kulwa. Mwaka huo mshindi hakutajwa.

Minza huyo ndiye aliyemzaa bibi yangu, na maneno yake ndiyo tunayoyasema hadi leo.

Shija, iache hiyo baiskeli, ni nzima. Ni nzima tangu juzi tulipotoka makaburini. Njoo ukae hapa kwangu. Baba yako alikuwa mwanangu, nami nimekuwa nakusubiri ili tulie pamoja. Jasho lisilotoka humpika mwenyewe.